Mtumiaji wa Ishirini na Saba

Jina la Kaluki Muli lilikuwa kwenye rejista ya maktaba mara tano. Alhamisi tano mfululizo, kompyuta ya tatu, kuanzia saa nne hadi saa sita mchana. Inspekta Ndunge Mulinge alizinakili tarehe hizo kwenye kijitabu chake, akalifunga daftari na kulirudisha upande wa pili wa meza.

"Alikuwa akitafuta nini?"

"Hiyo siwezi jua, madam," akajibu Abdiya Ahmednur, mkutubi wa maktaba hiyo ndogo ya jamii pale Nuu. "Jioni nikifunga nafuta kila kitu ambacho kompyuta imekumbuka. Ni sheria yangu mwenyewe. Hapa kuna mtu anakuja kusoma juu ya ugonjwa wake, mwingine anatafuta kazi na bosi wake ni jirani yangu. Wakijua kuna mahali imeandikwa, hawatarudi."

Ndunge alizitazama kompyuta sita zilizopangwa ukutani. Wazee wawili walikuwa wakisoma gazeti moja, mmoja akingoja mwenzake amalize ndipo wafungue ukurasa. Hakuna aliyekuwa amekalia kiti cha kompyuta ya tatu.

Siku kumi na moja zilikuwa zimepita tangu Kaluki, mjane wa miaka thelathini na minne, aokotwe amekufa ndani ya kisima kilichochimbwa kwenye mchanga wa mto mkavu, nusu saa kwa miguu kutoka kwake. Polisi wa hapo waliandika kwamba aliteleza akichota maji, na Jumamosi akazikwa. Ripoti ya daktari ilifika Jumanne iliyofuata. Maiti ilikutwa kifudifudi, lakini jeraha lilikuwa kisogoni. Mtu hawezi kuanguka kwa uso akapasuka nyuma ya kichwa. Faili ikapelekwa Mwingi, mezani kwa Ndunge.

Ndani ya faili mlikuwa na jambo moja zaidi. Simu ya Kaluki ilikutwa nyumbani kwake, na ujumbe wa mwisho kuingia ulifika saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi ya siku aliyokufa. *Kaluki kuja mtoni kwa kisima. Niko na makaratasi ya Jonah ya shamba.* Jonah alikuwa marehemu mumewe. Nambari ilikuwa ya Syombua, mama mkwe wake, mwanamke wa miaka sabini na moja. Mkubwa wa Ndunge alitaka mama huyo aletwe kituoni siku hiyo hiyo. Ndunge aliomba wiki moja, kwa sababu mtoto mkubwa wa Syombua, Muindi, alikuwa ameandikisha taarifa kwamba mama yake hajui kusoma wala kuandika, na boma zima liliunga mkono.

"Kwa hivyo hakuna anayejua," Ndunge alisema.

Abdiya aliinama, akafungua droo ya chini na kutoa kitabu chembamba kilichofungwa kwa waya wa plastiki.

"Kuna yule wa utafiti," alisema.

"Utafiti gani?"

"Wa chuo kikuu. Gedion Mutisya. Alikaa hapa miezi miwili akiangalia vile watu wanatumia maktaba na mitandao. Alikuwa anakaa pale nyuma, karibu na rafu ya kilimo. Kila dakika kumi na tano anaandika. Nani yuko kwa kompyuta, anatafuta nini, amepata ama hajapata. Halafu anawaita mmoja mmoja anawauliza maswali. Watu walitia sahihi. Aliwaambia majina hayataonekana." Akamsogezea kitabu. "Na kweli majina hayako. Soma ukurasa wa kumi na tisa."

Ndunge alisoma.

*Mtumiaji wa 27. Mwanamke, mjane, miaka 34, mkulima. Huja kila Alhamisi. Anatafuta tangazo la mirathi ya mumewe katika Gazeti Rasmi la Serikali. Amegundua kwamba ndugu wa mumewe ameomba kurithi shamba, akidai marehemu hakuacha mke wala mtoto. Amejifunza kwamba ana siku thelathini za kupinga. Amechapisha fomu ya pingamizi na kuijaza. Huu ni mfano bora wa maktaba kumfaa mwananchi.*

Alisoma mara ya pili, polepole.

"Wajane wangapi wanakuja hapa Alhamisi?"

"Mmoja."

"Kitabu hiki kilipewa nani?"

"Kamati ya maktaba. Watu saba. Gedion alikuja Jumatatu tarehe tatu akatusomea matokeo, kila mtu akapewa nakala yake." Abdiya alishika ncha ya mtandio wake akaikunja kidoleni. "Muindi ni wa kamati. Kanisa lake lilimchagua. Mwaka wote hajawahi kufungua kitabu hapa ndani. Siku hiyo alisoma kimya mpaka mwisho."

"Kaluki alikufa tarehe kumi na tatu."

"Najua. Na tarehe kumi na nne ndiyo alikuwa apeleke hiyo fomu kortini Kitui, siku ya mwisho ya zile thelathini. Aliniambia mwenyewe." Abdiya aliifunga droo. "Mimi kila jioni nilifuta, madam. Gedion akaandika."

Ndunge aliutazama tena ukurasa. Tarehe ya safari ya Kitui haikuwemo. Muindi angeweza kuhesabu siku thelathini mwenyewe, lakini mtu mwenye haraka angeweza kwenda siku yoyote kabla ya ya mwisho. Aliyemwita Kaluki kisimani alijua kwamba Alhamisi asubuhi bado hajaenda.

"Ulimwambia mtu mwingine hiyo tarehe?"

"Hapana. Wallahi."

"Kaluki aliambia nani?"

"Mimi. Na Gedion, kwa sababu alikuwa anamuuliza."

*

Gedion Mutisya alikuwa amehamia awamu ya pili ya utafiti wake, upande wa Makueni. Ndunge na Konstebo Ndululu walitoka Mwingi alfajiri, wakafika milima ya Kilungu karibu saa tano, barabara ikizunguka kati ya mashamba ya parachichi. Walimkuta katika chumba alichopanga nyuma ya duka, kijana wa miaka ishirini na tisa mwenye miwani, fomu zimepangwa kitandani kwa mafungu.

Alikuwa bado hajasikia habari. Ndunge alipomwambia, alikaa juu ya fomu.

"Sikuandika jina," alisema.

"Hakuna aliyesema uliandika."

"Madam Inspekta, utaratibu wote nilifuata. Kuna kamati ya maadili chuoni, ilipitisha. Kila mtu alipewa nambari."

"Nuu kuna mjane mmoja wa Alhamisi. Ungempa nambari ama umpe jina, ni yeye." Ndunge alivuta kiti cha pekee kilichokuwamo. "Baada ya mkutano, kuna mtu wa kamati alikutafuta?"

Gedion alivua miwani akaifuta kwa shati, ingawa haikuwa chafu.

"Deacon Muindi alipiga."

"Lini?"

Alitafuta kwenye simu na kumwonyesha. Jumanne tarehe kumi na moja, saa moja jioni, mazungumzo ya dakika saba. Ndululu aliipiga picha.

"Alisema nini?"

"Alisema ripoti imemgusa. Kwamba huyo mama wa ukurasa wa kumi na tisa ni mfano kwa kanisa lote, na wao wangependa kumsaidia na gari ya kwenda kortini. Lakini hawataki kumuaibisha kwa kumuuliza. Akauliza kama najua anaenda lini."

"Ukamwambia."

"Nilisema Ijumaa. Kwamba fomu ziko tayari, anangoja tu barua moja ambayo hajapata, ya mumewe." Gedion alivaa miwani tena. "Hakuuliza jina. Mimi nilidhani hajui ni nani. Nilidhani kweli anataka kusaidia."

"Dakika saba ni nyingi kwa tarehe moja."

"Tulizungumza juu ya utafiti. Aliniuliza maswali mengi. Madam, ile ripoti nimepeleka kwa watu arobaini. Yeye ndiye mtu wa kwanza kuniuliza kitu."

Ndululu alitazama dirishani. Ndunge aliandika sentensi ile neno kwa neno, akampa asome, akamwambia atie sahihi. Kisha akanyoosha mkono kuelekea kitandani.

"Nataka fomu za Nuu."

"Hizo siwezi." Gedion alisimama. "Hizo ni siri. Watu waliniambia mambo ya nyumba zao. Niliwaahidi."

"Muindi alikuletea hati ya mahakama?"

Gedion alizitazama fomu kitandani.

"Mimi ninayo," Ndunge alisema na kuiweka juu ya meza. "Isome yote. Nina wakati."

Hakuisoma yote. Alipofika katikati alimkabidhi fungu lililofungwa kwa mpira.

Ndunge hakuwa akimtafuta Kaluki tena. Alikuwa akitafuta boma lile. Gedion alikuwa amehoji pia watu wasiofika maktaba, akiwafuata nyumbani kuwauliza wanavyotumia simu, na kama alifika bomani kwa Syombua, huenda alimwona yeyote aliyekuwa na mazoea ya kuazima simu ya mama. Alizipitia moja moja. Kwenye fomu ya thelathini na moja alisimama.

*Mwanamke, mjane, miaka 71. Haji maktaba. Ana simu ndogo ya vibonyezo. Hakusoma shule. Sasa anasoma ujumbe mfupi, polepole, kwa sauti. Kuandika bado hajui. Watu wa nyumbani hawana habari, na ameomba wasiambiwe.*

"Huyu ni Syombua? Mama ya Muindi?"

Gedion alitikisa kichwa kukubali, kwa aibu, kama aliyeulizwa dhambi.

"Ulijaribu mwenyewe, ama ulichukua neno lake?"

"Nilimwandikia ujumbe pale pale. Alisoma. Nikamwambia anijibu, akasema vidole vyake havijafika huko."

Ndunge alitoka nje akasimama kando ya gari. Ndululu alimfuata.

"Afande, huyo mama basi hakutuma," Ndululu alisema. "Hajui kuandika."

"Hakutuma. Lakini aliyetuma alichukua simu ya mtu anayedhani ni kipofu wa herufi. Hakuona haja ya kuangalia sana anachoacha ndani." Alifungua mlango wa gari. "Na yule aliyesafirisha mbuzi wa Muindi, ulimpata?"

"Guled? Nilimpata jana. Muindi ametuambia alienda soko ya Mwingi na mbuzi zake saa kumi na moja asubuhi. Guled anasema mbuzi alibeba yeye, lakini Muindi mwenyewe hakuwepo. Alikuja na pikipiki saa sita, suruali yake ina matope mpaka magotini. Guled alimcheka, akamuuliza ni mto gani umejaa wakati wa kiangazi."

"Ataandikisha?"

"Ameandikisha."

Hapo Ndunge alikuwa na sababu, alikuwa na simu ya dakika saba, na alikuwa na uongo kuhusu soko. Wakili mzuri angevichukua vitatu hivyo akavipasua mbele ya jaji kabla ya chakula cha mchana. Alihitaji mtu wa kuiondoa ile simu mkononi mwa mama na kuitia mkononi mwa Muindi.

*

Muindi aliwapokea mwenyewe langoni kwake, koti la kanisani mabegani, mtu mrefu wa miaka hamsini mwenye sauti ya chini. Alishika mkono wa Ndunge kwa mikono yake miwili.

"Tumeshukuru mmerudi. Bado tunaomboleza. Huyo alikuwa kama dada yangu."

"Konstebo hajaona kisima vizuri," Ndunge alisema. "Ungemwonyesha ile njia Kaluki alipitia? Mimi nitasalimia mama."

Muindi aligeuka kutazama jikoni. "Mama amechoka. Na Kiswahili yake si mingi."

"Mimi ni wa Kilungu, deacon. Tutaelewana."

Aliwasubiri waishie nyuma ya ua wa miiba, kisha akaenda jikoni. Syombua alikuwa amekaa kwenye kigoda akipepeta ndengu kwenye ungo. Ndunge alimwamkia kwa Kikamba, akakaa chini karibu naye, akachukua konzi ya ndengu na kuanza kuchambua mawe.

"Mwaitu," alisema, akimwita mama kwa Kikamba, "nimesoma karatasi ya yule kijana wa chuo."

Ungo ulisimama.

"Alisema hataambia mtu."

"Alisema hivyo kwa watu wengi."

"Basi amenimaliza." Mama alitazama mlangoni. "Muindi anajua?"

"Bado."

"Usimwambie."

"Mwaitu, sikuja kukupima kusoma. Asubuhi ile Kaluki aliitwa na simu yako. Wanaotaka kufunga hii kesi wanasema ni wewe ulimwita. Mimi nasema si wewe. Lakini mimi sikuwa hapa."

Syombua aliweka ungo chini. Mikono yake ilikuwa na vumbi la ndengu, akaipangusa kwenye leso muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Nilizaa wanaume wawili," alisema. "Jonah nilimzika mwaka juzi. Huyu amebaki ndiye ananunua dawa yangu ya presha. Ndiye ananipeleka kanisa. Sasa unanikalisha hapa jikoni yangu unataka nikupe."

"Ndiyo."

"Hata huoni haya."

"Naona, mwaitu."

Mama alicheka kidogo, kicheko kibaya, kisha akaingiza mkono kifuani na kutoa simu iliyofungwa kwa kitambaa.

"Aliniomba simu kabla jua kutoka. Alisema yake haina chaji. Akatoka nje, akarudi, akaniwekea hapa kwa kitanda, akaenda. Mimi nikarudi kulala. Halafu ikalia." Alibonyeza kwa kidole gumba, akihesabu vibonyezo kwa midomo, akamwonyesha.

Ujumbe uliotumwa haukuwepo. Ulikuwa umefutwa. Lakini jibu lilikuwepo, limeingia saa kumi na mbili na dakika kumi na sita.

*Nakuja mwaitu. Nibebe chai?*

Ndunge aliunakili kwenye kijitabu chake, pamoja na saa.

"Ilinichukua muda mrefu kusoma," Syombua alisema. "Nilifika kwa chai nikashangaa, chai ya nini, mimi sijamwita. Nikasema labda anakuja kunisalimia. Nikaamka nikawasha moto. Nikaweka kikombe mbili. Nilikaa hapa nikamngoja mpaka watu wakaanza kupiga nduru huko mtoni." Alikunja kitambaa. "Jioni Muindi alipita kubadilisha suruali. Nilimuuliza, nani ameita Kaluki na simu yangu? Akasema, mama, wewe umesikia wapi hayo? Nikanyamaza. Siku kumi na mbili nimenyamaza. Nilimpikia kila siku."

"Utayasema haya kortini?"

"Na nikikataa?"

"Nitaichukua simu tu. Atasema ulimpa mpita njia akuandikie. Labda wataamini."

Viatu vilisikika uani. Muindi aliingia akiwa ameinama chini ya mlango, Ndululu nyuma yake, akaiona simu mkononi mwa mama na macho ya Ndunge juu yake. Alitabasamu.

"Mama, unawapa simu ya nini? Wewe hiyo kitu huijui hata kufungua."

Syombua hakumtazama. Aliisogeza simu mbali na uso, kwa kuwa macho yake yaliona vizuri vya mbali tu, akaweka kidole chini ya kioo.

"Na-ku-ja," alisoma. "Mwa-i-tu. Ni-be-be. Cha-i."

Tabasamu la Muindi lilibaki mahali pake kwa muda, halikujua pa kwenda. Alishika nguzo ya mlango.

"Ni nani alikufunza?"

"Bibi ya Jonah," mama alisema. "Hapa hapa jikoni. Kila ukienda kamati."

Ndululu alimtia pingu akiwa bado amesimama pale mlangoni. Ndunge alimsomea haki zake, Kiswahili kwanza kisha Kikamba. Hakupinga. Uani alisema tu kwamba shamba lilikuwa la baba yake, kwamba mwanamke wa kuolewa hawezi kuja kupitia kompyuta akalichukua. Alisema kwa utulivu, kama mtu aliyekwisha kulitetea jambo hilo moyoni mara nyingi na kushinda kila mara.

Taarifa ya Syombua ilichukua saa nzima. Alipomaliza, Ndunge alitoa bahasha ya ushahidi, akaandika tarehe na nambari ya faili juu yake, akaifungua mdomo.

"Mwaitu, simu nitaenda nayo."

"Nimekupa maneno yote. Simu ya nini?"

"Bila simu, maneno yako hayana nguvu."

"Itarudi lini?"

"Kesi ikiisha."

"Mwaka huu?"

Ndunge aliwahi kuona kesi ya mauaji ikichukua miaka sita, na mama huyu alikuwa na sabini na moja.

Syombua aliishika simu kwa mikono yote miwili.

"Jonah alikuwa ananiandikia kutoka Mombasa, kabla afe," alisema. "Alikuwa anajua sisomi, lakini aliandika. Alisema siku moja nitapata mtu wa kunisomea. Sikutaka mtu. Ndiyo maana Kaluki akanifunza. Ziko nyingi humu ndani, na mimi nasoma pole. Nimefika katikati."

Nje, Ndululu aliwasha gari. Ndunge alitoka hadi mlangoni, akampungia mkono azime. Muindi alikuwa amekaa kiti cha nyuma, uso umeelekea upande wa mto.

Alirudi jikoni, akaiweka bahasha chini na kukaa tena kando ya ungo.

"Soma," alisema. "Tutangoja."

Mama aligeuka kuelekea mwangaza wa mlango, akatafuta mahali alipokuwa ameachia, akaanza.